Kupima utendaji wa mtu mwenye unene uliokithiri

"BMI yake ni 45, kwa hiyo ulemavu wake ni mkubwa." Sentensi hii nimeisikia mara nyingi mno, hata kwa wahudumu wa afya. BMI ni uzito kwa kilo uliogawanywa kwa kipeo cha pili cha kimo kwa mita. Ikifika 40, unene huitwa wa daraja la tatu. Hilo ni daraja la unene, si la ulemavu. Kupima utendaji ni kutaka kujua mtu anaipitishaje siku yake na anakwama wapi: kuvaa soksi, kujisafisha akitoka chooni, kupanda ngazi, kujigeuza kitandani.

Kinachovurugwa zaidi ni tofauti kati ya uwezo na utendaji. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2001, uitwao ICF, unavitenganisha waziwazi. Uwezo hupimwa katika mazingira yaliyosawazishwa, kama vile umbali ambao mtu anatembea kwa dakika 6 kwenye korido tambarare. Utendaji ni yale anayoyafanya kweli huko anakoishi. Yupo anayetembea vizuri mbele ya mpimaji, lakini nyumbani hatoki, kwa kuwa viti vya basi havimtoshi na macho ya watu yanamchoma. Yupo pia anayehema baada ya hatua chache, na kazini anafika kila siku kwa sababu pana lifti na kiti imara. Ukipima korido tu, wa kwanza utamwona mzima na wa pili mlemavu. Na hapo kosa linamwumiza mtu, maana msaada hutolewa kwa kufuata kilichoandikwa.

Hata chombo cha kupimia kinahitaji kuchaguliwa. Kipimo cha Barthel, cha mwaka 1965, kinahusu mambo ya msingi kama kula, kuoga na kuvaa. Mtu mnene sana anaweza kupata alama zote 100, na kucha za miguuni hazifikii. WHODAS 2.0, dodoso la Shirika la Afya Duniani la kupima ulemavu, inakwenda mbali zaidi: maswali 36 kuhusu siku 30 zilizopita, yakigusa hata kazi za nyumbani na kushiriki katika jamii.

Kwa hiyo kwenye faili, BMI iandikwe kama BMI. Kwenye sehemu ya ulemavu, yaandikwe aliyoyaeleza mwenyewe baada ya kuulizwa, pamoja na vitu vinavyomzuia huko anakoishi.