Mita 80 hazikukingi na choo cha jirani

Wiki iliyopita mzee mmoja wa Goba, pembezoni mwa Dar, alinikatiza hata sijashusha kisanduku cha barafu cha kubebea sampuli za maji: "Injinia, kisima changu kina mita 80. Choo kitafikaje huko?" Maneno hayo nimeyasikia Kivule, nimeyasikia Chanika, na sasa nimechoka kuyajibu uani kwa watu mmoja mmoja.

Uchafu hauna haja ya kupenya mita 80 za udongo. Unateremka kandokando ya bomba, katika nafasi iliyobaki kati ya bomba na ukuta wa shimo. Kama fundi alimwaga kokoto mpaka juu bila kuziba mita za mwanzo kwa saruji au udongo wa mfinyanzi, hiyo ni njia ya wazi ya kupeleka majitaka chini. Halafu kuna sehemu ya bomba yenye matundu ya kuingizia maji: ilianzia wapi? Ikianzia mita 15, basi maji ya mita 15 unayanywa, hata kama pampu imening'inia mita 70. Hayo yamo kwenye ripoti ya mchimbaji, na wenye visima wengi hawajawahi kupewa.

Tunafundishwa kuacha mita 30 kati ya kisima na choo. Viwanja vya pembezoni mwa Dar vingi ni 20 kwa 20. Pima kutoka kona hadi kona: mita 28. Hata ukiweka choo kona hii na kisima kona ile, hufiki, na hapo hatujagusa shimo la jirani aliye nyuma ya ukuta.

Sampuli haiji kwenye chupa ya soda. Choma mdomo wa bomba, tumia chupa iliyotakaswa, weka kwenye barafu, fikisha maabara siku hiyohiyo.

Linalonikera zaidi ni chumvi. Mtu anaonja, anasema "ni ya bahari", anaridhika. Mkojo nao una chumvi! Ndiyo maana nasoma kloridi, iliyomo kwenye chumvi, pamoja na naitreti, ambayo hutokana na mkojo na kinyesi vikioza. Zikipanda zote mbili, kwanza nahesabu vyoo vilivyo jirani. Kloridi ikiwa juu na naitreti chini, naweza kufikiria bahari, au chumvi ya kale iliyolala kwenye miamba. Nasema "naweza" kwa sababu chini ya ardhi pakikosa hewa, bakteria huvunja naitreti na kuigeuza gesi ya naitrojeni, na maji yaliyopitiwa na choo yakaonekana hayana kosa. Hapo naomba kipimo cha amonia, naitrojeni ya choo ambayo haijageuka naitreti, na bado vipo visima ambavyo nimeandika kwenye ripoti kwamba chanzo sikukibaini. Mteja hapendi kulipia jibu hilo. Sina jingine la kweli la kumpa.

"Nilipima nilipochimba." Mwaka gani? "2014." Mtaa ulikuwa na nyumba ngapi? Cheti kile kilieleza maji ya siku ile, kabla majirani hawajachimba mashimo yao. Hata ndani ya mwaka mmoja, kisima kisicho na bakteria wa kinyesi Januari kinaweza kuwa nao Aprili, masika inaposukuma maji ya mashimo. Kwa hiyo nataka vipimo viwili, cha kiangazi na cha masika.

Naitreti ya mzee ilisoma miligramu 71 kwa lita. Kiwango cha juu cha Shirika la Afya Duniani (WHO) ni 50. Akasema atachemsha. Kuchemsha kunaua vijidudu, lakini naitreti haiendi popote, na maji yakipungua sufuriani inazidi kukolea. Kwa mtoto mchanga anayekunywa maziwa ya kopo, naitreti nyingi huizuia damu kubeba oksijeni. Nyumbani kwake yuko mjukuu wa miezi 3. Tumekubaliana chupa yake ichanganywe kwa maji ya bomba la mtaa, yaliyochemshwa, na mimi nirudi masika ikishika.