Anavua barafuni, havui thelujini

Ikifika Januari, simu hujaa video za ndugu zetu walioko Minnesota, Marekani, au Winnipeg, Kanada. Mtu ameketi juu ya ndoo katikati ya ziwa lililoganda, ameshika fimbo fupi kama mwiko wa ugali, na anayerekodi anatangaza kwa furaha: "Huu ndio uvuvi wa theluji!" Wanaosambaza nao huandika hivyohivyo, na sasa neno linaelekea kuzoeleka.

Huo ni uvuvi wa barafuni. Maana yake ni kuvua samaki kupitia tundu lililotobolewa kwenye tabaka la barafu lililofunika ziwa au mto wakati wa baridi. Unawezekana kwa sababu maji huwa mazito kuliko wakati wowote yakiwa na nyuzi 4 za Selsiasi. Yakipoa kupita hapo huwa mepesi, hukaa juu, na huko juu ndiko yanakoganda. Chini hubaki maji yasiyoganda, na samaki anaendelea na maisha yake, ila kwa uvivu zaidi. Maana imeishia hapo. Kazi ipo kwenye neno lenyewe.

Barafu ni neno la Kiajemi, *barf*. Kwa Mwajemi, *barf* ni ile inayodondoka kutoka mawinguni, yaani theluji. Kile kipande kigumu cha kutia kwenye kinywaji anacho jina lake, *yakh*. Bara Hindi walilichukua neno la Kiajemi na kulitumia kwa vyote viwili, kinachodondoka na kinachogandishwa. Lilipokaa kwenye Kiswahili likabaki na maana ya kitu kigumu. Theluji nayo imetoka kwenye Kiarabu, *thalj*. Kamusi za Kiarabu zitakwambia ni ile ya mawinguni, lakini ingia duka lolote Muscat uombe *thalj*, utapewa mfuko wa barafu za kutia kwenye maji ya kunywa. Kwa hiyo tulichukua neno la Kiajemi la theluji tukalifanya la barafu, na neno la Kiarabu linalotumika dukani kwa barafu tukalifanya la theluji. Tulikuwa na la tatu pia, jalidi, lenye asili ya Kiarabu vilevile, nalo limebaki likilala kwenye kamusi.

Si ajabu basi kwamba tunayachanganya. Kwa mtoto aliyekulia Tanga au Mwanza, barafu ni ile ya ubuyu au ukwaju kwenye kifuko cha nailoni, inauzwa nje ya geti la shule. Theluji ni picha ya kwenye kalenda. Hata Kilimanjaro tunasema theluji tukimaanisha lile gamba jeupe la kileleni linaloonekana mwaka mzima, na lile ni barafuto: barafu ngumu iliyokaa miaka na miaka. Theluji huanguka juu yake, ikaondoka. Kambi ya Barafu iliyoko zaidi ya mita 4,600, wanakolala wapandaji kabla ya usiku wa kileleni, ina jina lililokaa sawa kuliko maneno ya wengi wanaoipiga picha.

Sasa kwa nini kukazania? Kwa sababu juu ya ziwa vitu hivi viwili havipatani, na mvuvi asiyevitenganisha anaweza kuzama.

Theluji ni blanketi. Imejaa hewa, na hewa iliyonaswa huzuia joto la maji lisitoke kwenda angani. Mahali ambapo upepo umefagia, barafu huongezeka unene haraka. Hatua chache pembeni, chini ya rundo la theluji, inaweza kuwa nyembamba zaidi, na kwa macho huoni tofauti hiyo ya unene kwa kuwa weupe umeificha. Rundo hilohilo huficha nyufa na matundu ya wavuvi wa jana.

Halafu kuna uzito. Barafu huelea kwa kuwa ni nyepesi kuliko maji kwa asilimia 8 hivi tu. Barafu ya sentimita 10 ina uwezo wa kubeba kilo 8 na kidogo kwa kila mita ya mraba kabla uso wake haujashuka usawa wa maji. Theluji laini ya kilo 100 kwa mita ya ujazo inafikia uzito huo ikiwa na kina cha sentimita 8 tu. Ikizidi hapo, barafu inabonyea, maji yanapenya kwenye nyufa na kulowesha theluji kwa chini, na unapata uji. Kwa juu panaonekana pakavu, ukikanyaga mguu unazama hadi kwenye vifundo. Ukitoboa tundu na maji yakafurika juu ya barafu badala ya kusimama chini kidogo ya mdomo wa tundu, ujue barafu hiyo imeelemewa.

Uji huo ukiganda ndio unazaa barafu nyeupe, na hapa ndipo neno "theluji" linapomponza mtu. Barafu nyeupe ni theluji iliyolowa ikaganda, imejaa viputo vya hewa. Barafu ya kioo, ambayo wengine huiita nyeusi kwa sababu unaona giza la maji kupitia ndani yake, imeganda moja kwa moja kutoka kwenye maji ya ziwa. Nyeupe huhesabiwa kuwa na nusu ya nguvu ya kioo. Vipimo wanavyovitoa watu wa maliasili wa Minnesota, sentimita 10 kwa mtu anayetembea kwa miguu, 13 hadi 18 kwa pikipiki ya theluji, 23 hadi 25 kwa gari dogo, 33 kwa pikapu, vyote ni vya barafu mpya ya kioo. Kwa nyeupe zidisha mara mbili. Na wao wenyewe wanaongeza kwamba hakuna barafu iliyo salama kabisa.

Upimaji wake ni huu. Unaanzia ufukweni na mtaimbo wa chuma wenye urefu wa mita moja na nusu hivi. Kabla ya kila hatua unapiga mbele yako kwa nguvu, mara mbili palepale. Mtaimbo ukipenya, unarudi nyuma kwa nyayo zako zilezile. Ukifika panapokubali, unatoboa kwa keekee, unapitisha rula yenye kikulabu ndani ya tundu, unaikwamisha kwenye ukingo wa chini na kusoma unene. Usiishie hapo: futa ukuta wa tundu kwa kidole na uangalie rangi. Tuseme umepata sentimita 14, na 6 za juu ni nyeupe. Hizo 6 zihesabu 3, ongeza 8 za kioo, una 11. Inatosha kutembea, haitoshi kwa pikipiki, ingawa rula ilisema 14. Kisha rudia kila baada ya mita 45 hivi, maana ziwa moja halina unene mmoja. Mdomo wa mto, chemchemi, chini ya daraja, penye matete, penye tuta la barafu lililosukumwa juu na penye nyufa: hapo pita pembeni, usikatize. Majira ya kuchipua barafu huweza kubaki nene na bado ikawa imeoza, fuwele zake zimeachana wima kama mishumaa iliyopangwa kwenye boksi. Rula itakusifia, mguu utapita.

Vifaa vyenyewe si vingi. Keekee ya mkono ya sentimita 15 inatosha samaki wadogo, ya 20 kwa wakubwa kama northern pike. Visu vyake ndivyo vinavyoharibika: watu huigonga keekee kwenye barafu ili kupukuta maji yaliyoganda, na ncha zinakuwa butu siku hiyohiyo. Ikung'ute ingali na maji, uivishe kifuniko. Utahitaji upawa wenye matundu wa kuchotea chenga za barafu, la sivyo mshipi unagandia tundu. Fimbo ni ya sentimita 60 hadi 90, kwa kuwa unakaa juu ya tundu na hakuna haja ya kurusha mbali. Chubwi hutangulia kushuka ili kupima kina, ndoano na chambo hufuata, ukivuta juu kama shibiri moja kutoka chini. Minnesota wakati wa baridi huruhusu mishipi miwili katika maji mengi ya ndani. Wa pili wengi huutegea kibendera kinachoinuka samaki akivuta. Nguo ziwe za sufu au za nyuzi za viwandani. Pamba hunyonya maji na kukugandia.

Vya kuokoa maisha vikae mwilini, si kwenye sleji. Jaketi okozi, filimbi, na jozi ya vishikio vyenye misumari iliyoning'inizwa shingoni. Kamba ya mita 15 au zaidi anayo mwenzako, kwa sababu huendi peke yako.

Ukitumbukia, fuata kanuni ya 1-10-1 ya Gordon Giesbrecht, profesa wa Chuo Kikuu cha Manitoba aliyezoea kujitumbukiza mwenyewe ili kuyajua haya. Dakika 1 ya kutuliza pumzi, maana mshtuko wa baridi unakufanya uvute hewa ovyo na kumeza maji. Dakika 10 hivi ambazo mikono bado inakutii. Saa 1 hivi kabla baridi haijakuzimisha fahamu. Usivue nguo, hewa iliyomo inakusaidia kuelea. Geukia ulikotoka, kwa kuwa barafu ya huko ilikubeba dakika moja iliyopita. Choma misumari mbele yako, piga miguu mpaka mwili ulale sambamba na maji, jivute kwa tumbo. Ukitoka usisimame, bingirika mpaka ufike penye barafu uliyoikanyaga ukaiamini.

Ukivulia ndani ya hema, hadithi ni ileile ya jiko la mkaa chumbani. Hita ya gesi kwenye hema lililofungwa huzalisha kaboni monoksidi isiyo na harufu. Acha tundu moja la hewa chini na jingine juu, na ning'iniza kipima gesi.

Theluji ina nafasi yake katika maneno haya. Pikipiki ya theluji ni sawa, maana ndiyo inayopita juu yake. Koleo la theluji pia ni sawa. Lakini tundu, rula, mtaimbo na samaki vyote ni vya barafuni. Ndugu akikutumia video ya "uvuvi wa theluji", usimgombeze. Mpongeze kwa samaki, halafu muulize ameketi juu ya sentimita ngapi, na ngapi kati ya hizo ni nyeupe.