Stelingi hakuruka mwenyewe

Wapenzi wa picha za kauboi hubishana sana kuhusu nani alikuwa hodari zaidi, na wengi huamini kwamba stelingi tunayemwona akiruka juu ya farasi ndiye aliyeruka kweli. Mara nyingi siye.

Chukua "Stagecoach" ya 1939, iliyompa John Wayne jina kubwa. Waapache, kabila la Wahindi Wekundu wa Marekani, wanalifukuza gari la abiria linalovutwa na farasi sita. Mmoja anarukia farasi wa mbele, Wayne anampiga risasi, Mwapache huyo anaanguka katikati ya farasi, anaburutwa akiwa ameshikilia mti wa gari, kisha anaachia na gari zima linampita juu. Huyo alikuwa Yakima Canutt, bingwa wa rodeo, yaani mashindano ya kauboi ya kupanda farasi wakali. Muda mfupi baadaye "Wayne" anashuka garini na kuruka kutoka farasi hadi farasi kufuata hatamu. Huyo naye ni Canutt, safari hii katika nguo za stelingi! Kwa hiyo Wayne alimuua mtu, kisha mtu huyohuyo akamfanyia kazi yake.

Wala si kwamba watu hawa wanaoruka badala ya stelingi walikuwa wanajitupa tu. Canutt alibuni kikuku cha tandiko kilicho wazi upande mmoja ili mguu usinase mpandaji anapoanguka. Mwaka 1967 alipewa Oscar ya heshima, kwa kazi yake na kwa vifaa vya kuwalinda wenzake.

Na zile risasi? Baruti tupu, bila kichwa cha risasi.