Tshechu si ngoma ya mashetani

Tshechu ni sikukuu ya kidini ya Bhutan, inayofanyika kuzunguka siku ya kumi ya mwezi mwandamo kwa heshima ya Guru Rinpoche, ambaye katika karne ya 8 alieneza Ubudha wa Vajrayana nchini humo. Kila wilaya ina tarehe zake: Paro husherehekea majira ya kuchipua, Thimphu majira ya vuli, na watawa pamoja na watu wa kawaida hucheza kwa siku kadhaa katika ua wa dzong, yaani ngome iliyo pia nyumba ya watawa.

Linaloudhi ni maelezo yanayoambatana na picha zake, ambamo kila kinyago chenye meno marefu na macho ya kukodoa huitwa shetani. Katika ngoma ya Raksha Mangcham, inayoonyesha hukumu ya wafu, sanamu kubwa yenye uso mwekundu wa kutisha ni Shinje, hakimu, na wale wenye vichwa vya ng'ombe, kulungu na nyani ni wasaidizi wake wa mahakama. Mwovu huongozwa juu ya kitambaa cheusi kuelekea motoni, na mwema juu ya kitambaa cheupe. Ukali wa nyuso hizo ni ukali wa sheria na wa ulinzi wa dini, wala si uovu. Tena, Wabhutani hufundishwa kwamba atakayekufa atakutana na sura hizohizo, basi ni heri azizoee angali hai ili asizikimbie siku hiyo. Kutazama kwenyewe ni ibada, na ndiyo sababu kule Paro, siku ya mwisho, thongdrel, pazia kubwa la vitambaa vilivyoshonwa kuwa picha ya Guru Rinpoche, hufunuliwa kabla ya mapambazuko na kukunjwa kabla halijapigwa na jua, huku watu wakiamini kwamba kuliona tu huondoa dhambi.

Ni kweli kwamba shetani yumo. Ni Dre Nagpo, mweusi, anayesimama mbele ya Shinje kuyataja madhambi ya marehemu, huku Lha Karpo, mweupe, akimtetea. Anayeandika maelezo ya picha na amwachie huyo peke yake jina hilo, na hata yeye, pale uani, kazi yake ni ya mwendesha mashtaka.