Klasi Isijitafutie Vifaa Vyake: Kupanga Programu kwa Udungaji wa Vitegemezi

Mfumo wowote wa karo, hata ule mdogo unaotumiwa na shule moja, huwa na klasi (kipande cha msimbo chenye data na kazi zake) inayobeba kazi ya msingi: kusoma deni la mwanafunzi, kuamua kama tarehe ya mwisho imepita, kuongeza faini inapostahili, na kumtumia mzazi ujumbe wa SMS. Katika mifumo mingi ninayoombwa kuikagua, klasi hiyo hujiundia yenyewe kila inachokihitaji. Ndani yake utakuta mstari unaofungua muunganisho wa Postgres, yaani hifadhidata ya mfumo, mwingine unaoandaa mawasiliano na mtoa huduma wa SMS pamoja na ufunguo wake wa siri, na wa tatu unaoiuliza seva ni saa ngapi. Hakuna hata mmoja kati ya mistari hiyo ulio mbaya ukitazamwa peke yake. Ubaya uko kwenye jumla yake, kwa sababu kanuni ya faini, ambayo ni hesabu fupi tu, haiwezi tena kuendeshwa bila hifadhidata iliyo hai, bila salio la SMS, na bila kusubiri tarehe yenyewe ifike.

Udungaji wa vitegemezi (dependency injection), yaani kuipa klasi kutoka nje vile inavyovihitaji, unaigeuza hali hiyo. Klasi inatangaza kwenye konstrakta yake, yaani msimbo unaoendeshwa objekti ya klasi hiyo inapoundwa, mambo inayoyategemea, kila moja kwa kiolesura kinachoeleza kazi inayotakiwa bila kutaja inafanywaje, na uamuzi wa nani hasa ataifanya kazi hiyo unaachiwa sehemu nyingine ya programu. Kwa lugha ya Java, sehemu hiyo inaweza kuwa fupi hivi:

var saa = Clock.system(ZoneId.of("Africa/Dar_es_Salaam"));
var ghala = new GhalaLaPostgres(muunganisho);
var mtumaji = new MtumajiWaSms(ufunguo);
var huduma = new HudumaYaKaro(ghala, mtumaji, saa);

Mistari hii inakaa karibu na mlango wa programu, pale inapowashwa, na ninasisitiza kwamba ikae hapo peke yake. Anayetaka kujua mfumo umeunganishwa na nini anasoma ukurasa mmoja. Anayetaka kubadilisha mtoa huduma wa SMS anagusa mstari mmoja na kuandika klasi moja mpya, huku HudumaYaKaro, yaani ile klasi ya karo, ikibaki kama ilivyo.

Kati ya vitegemezi hivyo vitatu, saa ndiyo inayodharauliwa zaidi, ilhali ndiyo yenye mafunzo mengi. Seva nyingi za kukodi huendeshwa kwa saa za UTC, na Afrika Mashariki iko mbele ya UTC kwa saa 3. Tuseme faini inaanza tarehe 6 ya mwezi. Mzazi akilipa saa sita na dakika moja usiku, kwake tarehe 6 imeshaingia, lakini kwa seva bado ni tarehe 5, saa tatu na dakika moja usiku. Kwa hiyo kati ya saa sita na saa tisa za usiku mfumo unahesabu kwa tarehe ya jana, na hitilafu ya namna hii haiwezi kuonekana na mtu anayejaribu programu mchana akiwa ofisini. Saa ikiwa imedungwa, jaribio linaipa HudumaYaKaro saa iliyogandishwa kwenye dakika hiyohiyo, kwa Clock.fixed ambayo imekuwamo ndani ya Java tangu toleo la 8 la mwaka 2014, na jibu linapatikana papo hapo. Watumiaji wa .NET, jukwaa la programu la Microsoft, walipata kitu cha aina hiyo, TimeProvider, katika toleo la 8 la mwaka 2023. Kabla ya hapo kila timu ilijiandikia kiolesura chake kidogo cha saa, na kilifanya kazi vizuri tu.

Jaribio hilo linahitaji pia ghala linaloweka madeni kwenye kumbukumbu ya kompyuta na mtumaji bandia anayeandika ujumbe kwenye orodha badala ya kuupeleka kwa mzazi. Mimi huviandika kwa mkono, kwa kuwa mtumaji bandia ni mistari michache ambayo mtu yeyote kwenye timu anaweza kuisoma, wakati maktaba za kuigiza objekti huzalisha majaribio yanayokagua ni mbinu gani iliitwa mara ngapi, na yakavunjika kila msimbo unapopangwa upya.

Utaona kwamba hadi hapa sijataja kontena lolote, yaani zana inayounda na kuunganisha klasi kwa niaba yako. Jina la mtindo huu lilienea baada ya makala ya Martin Fowler ya Januari 2004, na Spring 1.0, fremuweki ya Java yenye kontena, ilitoka Machi mwaka huohuo, hivyo wengi wakazoea kudhani kwamba mtindo na fremuweki ni kitu kimoja. Baadaye Google ikatoa kontena lake la Java, Guice, mwaka 2007, na ASP.NET Core, fremuweki ya wavuti ya .NET, ikaja mwaka 2016 ikiwa na kontena lake tayari ndani. Kontena linasoma konstrakta, linatambua kila klasi inahitaji nini, na kuziunganisha kwa mpangilio sahihi. Klasi zikiwa mia kadhaa, kazi hiyo inafaa kuachiwa mashine. Zikiwa ishirini, mistari iliyoandikwa kwa mkono ina faida kwamba kompaila yenyewe itakataa kama kitegemezi kimesahaulika, ilhali makontena mengi huligundua kosa hilo programu inapokuwa tayari imewashwa.

Gharama ya kontena ambayo haizungumzwi vya kutosha ni muda wa kuishi wa objekti. ASP.NET Core ina aina tatu: objekti moja kwa programu nzima, moja kwa kila ombi linaloingia, na mpya kila inapohitajika. Hatari iko pale ambapo objekti ya kudumu inashika objekti ya ombi moja. DbContext ya Entity Framework, yaani objekti ya .NET ya kuzungumza na hifadhidata, kwa kawaida huandikishwa iishi kwa ombi moja, na haikuundwa itumiwe na nyuzi mbili (kazi mbili zinazoendeshwa sambamba) kwa wakati mmoja. HudumaYaKaro ikiandikishwa kama ya kudumu na ikapokea DbContext moja kwa moja, malipo ya wazazi wawili yanayoingia kwa pamoja yatagombania kifaa kilekile. Mazingira ya uundaji ya ASP.NET Core hukagua jambo hili na kutupa kosa, lakini kwenye seva ya kazi ukaguzi huo kwa kawaida umezimwa, kwa hiyo tahadhari hiyo isipuuzwe inapojitokeza mapema.

Kuna pia mtindo wa kuipa klasi kontena zima, ili iagize yenyewe inachotaka. Nauona ni kurudi kulekule tulikotoka: konstrakta haisemi tena ukweli, na vitegemezi halisi vinajificha katikati ya msimbo. Kudunga moja kwa moja kwenye vigezo vya ndani ya klasi bila kupitia konstrakta, kama wengi wanavyofanya kwa alama ya Spring ya @Autowired, kuna dosari ya jamii hiyo, na watengenezaji wa Spring wenyewe wanapendekeza konstrakta. Konstrakta ina uzuri mwingine, kwamba inauma. Ikifika vitegemezi tisa, inachosha kuiandika na kuisoma, na uchovu huo ni taarifa kwamba klasi imebeba kazi za watu wengi. Kuitenga kazi ya kulipa na ya kukumbusha kuwa klasi mbili kutasaidia kuliko kuvifunga vitegemezi vyote tisa kwenye furushi moja. Klasi mbili zikitegemeana kwa mzunguko, vivyo hivyo: Spring Boot, zana ya kuanzishia programu za Spring, inakataa mzunguko huo kwa chaguo-msingi tangu toleo la 2.6, na kuiwashia ruhusa ili programu iwake ni kuahirisha kazi.

Si kila kitu kidungwe, lakini. Hesabu ya faini yenyewe, inayopokea deni na siku za kuchelewa na kurudisha kiasi, haina cha kudungiwa, wala haihitaji kiolesura. Mimi hudunga kile kinachogusa ulimwengu wa nje: saa, mtandao, diski, hifadhidata, namba za bahati nasibu. Kwenye mfumo wa zamani huanza na saa, kwa kuwa mabadiliko yake ni madogo na hayahitaji idhini ya mtu, kisha SMS, na hifadhidata huiacha mwisho, kwa sababu hapo ndipo maswali ya SQL yaliyotawanyika kila mahali hulazimika kukusanywa kwanza kabla kiolesura cha maana hakijaweza kuandikwa.