Nangurukuru si njia panda tu: tunayoyakosea kuhusu miamba ya Kusini

Basi la Mtwara kwenda Dar es Salaam likisimama Nangurukuru, watu hushuka kunyoosha miguu na kutafuta chai. Safari moja nilikaa benchi moja na mzee wa Kilwa. Nikamwamkia, akaitikia, tukaanza kuongea. Nikamwambia kwamba wanajiolojia wa nchi nyingi wanalijua jina la Nangurukuru kwa sababu ni jina la mwamba. Akanitazama kama mtu aliyepigwa na jua.

"Mwamba gani, mjukuu wangu? Hapa ni udongo mtupu."

Kuhusu udongo, mzee hakukosea. Tulipopishana ni kwenye neno mwamba.

"Mwamba lazima uwe mgumu"

Sisi tukisema mwamba tunaona jabali la kuvunjia nyundo. Kwa mjiolojia, mfinyanzi uliolala ardhini kwa mamilioni ya miaka ni mwamba pia, hata kama unakatika kwa kisu. Anachouliza ni huu mwili wa ardhi una sifa gani, unaanzia wapi na unaishia wapi.

Sifa zenyewe nyingi hazihitaji maabara. Chukua kipande kidogo kisicho na uchafu, kisage taratibu kwa meno ya mbele. Kikikwaruza kama ugali ulioingia mchanga, kina chembechembe kubwa kuliko za mfinyanzi. Kikiteleza bila kukwaruza, huo ni mfinyanzi. Watu wanaolipwa kwa kazi hii hufanya hivyohivyo porini, ingawa kwenye ripoti hawaandiki kwamba walitafuna. Ukitaka kujua kama jiwe ni la chokaa, likwangue upate unga, ukamulie ndimu. Likitoa povu, chokaa imo. Wao hubeba kichupa cha asidi hafifu, lakini ndimu ya Mikindani nayo inafika mahali.

"Rangi ndiyo kitambulisho"

Hapana, na hasa huku kwetu. Wekundu wa mchanga kuanzia Mikindani kupanda uwanda wa Makonde ni kutu ya chuma iliyozivika chembe za mchanga. Kutu haichagui mwamba. Mfinyanzi wa Kilwa, ukiutazama kwenye kingo za barabara, una rangi ya kahawia au manjano. Ukichoronga mita kadhaa chini unatoka wa kijivu chenye ukijani. Mwamba ni uleule. Wa juu umepigwa na hewa na mvua, wa chini haujaguswa. Ndiyo maana mjiolojia hugonga jiwe kwanza, atazame ndani ambako hapajachakaa, ndipo aandike.

"Jina la mwamba ni umri wake"

Hapa ndipo wengi tunapoteleza, hata waliosoma. Mtu akisikia Tendaguru anasema, "Aa, ile ya wakati wa dinosaria," akidhani Tendaguru ni jina la zama. Tendaguru ni kilima, kaskazini magharibi ya mji wa Lindi. Kati ya mwaka 1909 na 1913 msafara wa makumbusho ya Berlin ulichimba huko mifupa ya yule mjusi mkubwa anayesimama Ujerumani hadi leo, zaidi ya mita 13 kwenda juu. Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, na mizigo ilitoka Tendaguru hadi bandari ya Lindi kwa mabega ya watu. Tunapogombea mjusi arudishwe, miamba aliyotolewa tunaisahau. Nayo ina hadithi nzuri kuliko mifupa. Hayo ni maoni yangu, unaweza kubisha.

Wachimbaji wale waliona kitu kinachojirudia. Kuna tabaka nene la tope na mchanga laini lenye mifupa, juu yake mchanga mgumu zaidi wenye kombe za baharini, kisha mifupa tena, kisha kombe tena. Bahari ilikuwa ikija na kuondoka. Mwaka 2009 wanajiolojia wa Berlin waliupa mfululizo huo maelezo rasmi kwa jina la Fomesheni ya Tendaguru, yaani mwili wa mwamba wenye sifa zake na mipaka yake, wakaigawa katika sehemu sita ziitwazo memba. Tatu ni za dinosaria, ya chini, ya kati na ya juu. Nyingine tatu zimebeba majina ya konokono na kombe wa baharini wanaopatikana ndani yake.

Memba tano za kwanza, kutoka chini hadi ile ya dinosaria ya juu, ni za kipindi cha Jurasiki. Memba ya sita, ya juu kabisa, ni ya Kretasia, kipindi kilichofuata, kilichoanza takriban miaka milioni 145 iliyopita. Zote zimo ndani ya fomesheni moja. Kama jina la mwamba lingekuwa umri, fomesheni hiyo ingekatwa vipande viwili. Haikukatwa, kwa sababu fomesheni hutambuliwa kwa jinsi mwamba wenyewe ulivyo: chembe zake, mpangilio wa matabaka, kilichomo ndani. Umri huandikwa kwenye daftari lake. Viumbe waliomo wana daftari la tatu, maana kuna mgawanyo unaofuata visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale, peke yake.

Kama bado inasumbua kichwa, fikiria pwani ya Msimbati. Leo kuna mchanga ufukweni, tope la mikoko penye maji yaliyotulia, na matumbawe kule nje. Vyote vitatu vinalala chini siku moja, na ni miamba mitatu tofauti ya umri mmoja. Sasa bahari ikiinuka polepole kwa miaka maelfu, ufukwe utahamia bara. Mchanga utakuwa utando mmoja usiokatika, lakini upande wa baharini utakuwa wa zamani kuliko upande wa bara. Huo ni mwamba mmoja wenye umri mbalimbali.

"Wanajipachikia majina tu"

Kuna utaratibu. Fomesheni ndiyo ngazi ya msingi. Ndani yake kuna memba, ndani ya memba kuna matabaka, na fomesheni kadhaa zenye undugu huwekwa katika kundi. Jina hutolewa kwenye mahali panapojulikana, na lazima pawepo pa mfano, yaani korongo, ukingo au shimo la kuchoronga ambapo mwingine anaweza kwenda kuhakiki. Unene haupangiwi. Kinachotakiwa ni mwamba uweze kutofautishwa na jirani zake na kuchorwa kwenye ramani.

Kundi la Kilwa, lililoelezwa rasmi mwaka 2006, ni mfano ninaoupenda. Fomesheni zake, kutoka chini kwenda juu, ziliitwa Nangurukuru, Kivinje, Masoko na Pande. Utadhani kondakta anaita vituo. Baadaye Fomesheni ya Lindi ikaongezwa chini ya Nangurukuru. Sehemu kubwa ya zote ni mfinyanzi unaofanana mno, hivyo ilibidi watazame tofauti ndogo za mfinyanzi wenyewe, pamoja na vijitabaka vya mchanga na mawe ya chokaa vilivyojipenyeza katikati. Mfinyanzi huo umezuia maji kupita, ndiyo maana magamba ya foraminifera, vijidudu vya baharini vidogo kuliko punje ya mtama, yamebaki maangavu kama kioo. Watafiti wa tabianchi ya kale wanayasaka kwa ajili hiyo.

"Jirani kapata maji, nami nitayapata"

Matabaka hayakupangwa kama chapati kwenye sahani. Huwa membamba hadi yakaisha, hukatwa na mipasuko, huinama. Na hata lisipoisha, tabaka lina tabia yake. Wazee wa Newala wanajua: mchanga wa uwanda wa Makonde hunywa mvua yote, maji yakateremka chini sana, na kina mama wakashuka bondeni kuyafuata.

"Vilima vya Masasi ni volkano zilizozimika"

Si volkano. Ni miamba iliyopikwa na kukandwa kwa joto na mgandamizo chini sana ardhini, kisha mmomonyoko ukaondoa vilivyokuwa juu na kandokando. Kinywe (grafiti) cha Ruangwa kimo kwenye miamba ya aina hiyo. Hapo ngazi ya fomesheni mara nyingi haitumiki, maana matabaka ya asili yamekunjwa hadi huwezi kusema lipi lilitangulia. Wanajiolojia wana mgawanyo mwingine, usiodai mpangilio wa chini na juu.

Honi ikapigwa. Mzee alikuwa ameokota bonge la udongo pembeni ya benchi, akalimega, akatia kidogo mdomoni, akatema.

"Linateleza," akasema. "Na Pande je? Kwetu ni Pande."

Nikamwambia Pande ndiyo iliyokaa juu ya wote. Akacheka mpaka nikapanda basi.