Usinioshee kimondo jamani

Juzi kijana mmoja wa Kirumba kaniletea jiwe jeusi, zito, kalifunga kwenye kiroba cha dagaa, ananiambia shikamoo dokta, hiki ni kimondo, nimekiosha vizuri kabisa na sabuni ya unga, nipimie kama huko juu kuna uhai. Nikacheka, maana hapo kashaharibu kila kitu, nikiliweka kwenye mashine nitaona mafuta ya dagaa, sabuni na jasho lake, na zote hizo ni kemikali za kaboni, ndo hizohizo tunazotafuta!

Kuzipata sio kazi, kazi ni kujua zimetoka wapi. Vyombo vya glasi tunavichoma kwenye tanuru nyuzi 500 usiku kucha, halafu tunapima sampuli tupu, yaani hatua zote zilezile ila jiwe hamna. Kuna siku tupu yangu ilitoa mafuta kibao, kumbe nilishika foili bila glavu, kidole kimoja tu, wiki nzima ikaenda na maji.

Kwenye amino asidi, yale matofali ya kujengea protini, kuna mtego mzuri. Zipo za kushoto na za kulia, kama ndala, zinafanana ila ya kushoto huvai kulia. Sangara, wewe, mimi, protini zetu zimejengwa na za kushoto, kwahiyo jiwe likijaa za kushoto tupu nashuku mikono ya watu kwanza. Vumbi la Bennu, jiwe kubwa linalozunguka jua huko angani, gramu 121.6 zilizoletwa na NASA 2023, lilikuwa na 14 kati ya zile 20 za protini, na kushoto kulia karibu sawa kwa sawa. Hapo naamini zimetoka huko (uhai bado lakini, kemia inaziunda yenyewe).

Na kwetu tunacho cha kujivunia, kimondo cha Ivuna, kule Songwe, kilianguka 16 Desemba 1938, zikaokotwa gramu 705, mpaka leo kundi lake linaitwa CI, hiyo I ni Ivuna. Mawe ya Ryugu, jiwe jingine la angani kama Bennu, yaliyoletwa na Wajapani 2020 ni gramu kama 5 tu lakini ni ndugu zake, tena masafi zaidi, maana Ivuna ilishavuta unyevu na hewa yetu.

Lile la kijana nikalikata, ndani mapovu matupu: mavi ya chuma, yaani takataka za kuyeyushia chuma. Nikamwambia siku ukiona kimeanguka kweli usikiguse kwa mkono, usikioshe, kifunge na foili mpya uniite. Kaitikia, kabeba jiwe lake, anasema litamfaa kukandamizia turubai la dagaa.